Pangani Hakuna Sokwe

Safari yetu ya Florida ilianza na picha ya ramani. Dada yangu, anayeishi Atlanta na mumewe na mtoto wao mmoja, aliituma kwenye kundi la familia la WhatsApp usiku mmoja wa Aprili. Ilikuwa ramani ya zamani ya Disney's Animal Kingdom, imekunjwa hadi mikunjo ikatoboka, ambayo shemeji aliitunza tangu walipokwenda huko kabla hawajapata mtoto. Dada aliituma kama kichekesho. Alikuwa amezungushia duara jekundu jina moja: Pangani Forest Exploration Trail. Njia ya kutazama sokwe.

Mama alikuwa ameshaukataa mwaliko wao mara mbili. Magoti hayawezi, ndege ni ndefu, na huko Marekani amesahau nini? Lakini picha ile aliipanua kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Mama amezaliwa Pangani, mkoani Tanga, katika nyumba ya mawe isiyokuwa mbali na mto.

"Pangani hakuna sokwe," alisema. Akanyamaza kidogo. "Basi nitakwenda nikaone."

Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Kazi yangu ni kuhakiki vitabu, na mhakiki akipelekwa kwenye bustani ya burudani hawezi kujizuia kuigeuza kitabu. Nilikuwa nimemsoma Umberto Eco, ambaye mwaka 1975 aliandika insha ndefu juu ya Marekani ya sanamu za nta na majumba ya kuiga. Nilikuwa nimemsoma Jean Baudrillard, anayedai kwamba Disneyland ipo ili watu waamini kwamba kila kilichobaki nje ya geti lake ni halisi. Na kama kijana yeyote wa Afrika Mashariki anayeshika kalamu, nilikuwa naikumbuka insha ya Binyavanga Wainaina iliyotoka katika jarida la Granta mwaka 2005, ile ya dhihaka kuhusu namna ya kuiandika Afrika. Kwa silaha hizo tatu nani angekosa shabaha? Nakiri: nusu ya makala haya nilikuwa nimeshaiandika kichwani kabla pasipoti ya Mama haijarudi na viza. Nusu hiyo nimeitupa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kama saa tano na nusu. Kutoka Dubai hadi Orlando ni kama saa 16, na hizo ndizo safari yenyewe. Mbele ya kila kiti kuna skrini. Mimi nilitazama filamu nne na sikumbuki hata moja. Mama aliweka ramani, ile yenye kijindege kinachotambaa, akaikodolea macho tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayemsimamia fundi asiibe saruji. Kila nilipozinduka alinipa taarifa. "Bado maji." Nikalala, nikaamka. "Bado maji." Miguu yake ilivimba, viatu vikakataa kurudi, akaingia Marekani amevaa soksi za ndege na kandambili.

Nautaja urefu wa safari kwa sababu nao ni sehemu ya kazi ninayoihakiki. Bustani ya aina hii haianzii getini. Inaanzia kwenye ada ya viza, kwenye likizo iliyoombwa miezi mitatu kabla, kwenye usiku wa kulala umekaa. Mtu aliyekaa angani kiasi kile, kisha akalipa zaidi ya dola 100 kwa kila kichwa ili aingie siku moja, ana kila sababu ya kutaka kufurahi. Furaha yake imeshalipiwa. Kilichobaki ni kwenda kuichukua. Ndiyo maana sikuona mtu akinung'unika kwenye foleni za dakika 70 chini ya jua la Julai. Walikuwa wanalinda walichokinunua. Nami nilikuwa nalinda changu: nilikuwa nimekuja kuchukizwa, na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Siku ya kwanza tulikwenda Magic Kingdom. Nitaipita haraka, kwa sababu ilinipa nilichokitarajia. Tulipanda mashua ya Jungle Cruise, mchezo uliozaliwa California mwaka 1955 ukichota kutoka filamu ya The African Queen, ambayo sehemu yake ilipigwa Uganda na Kongo. Kwa miaka mingi kingo za mto huo wa kutengenezwa zilikuwa na sanamu za wenyeji wenye mikuki, na mzee mmoja aliyeuza vichwa vya binadamu vilivyokaushwa. Mwaka 2021 Disney walitangaza kwamba wanaviondoa vitu hivyo, na nafasi yake ikachukuliwa na vichekesho vingine. Wenyeji walitoka, mto ukabaki. Niliandika sentensi hiyo kwenye simu yangu tukiwa bado ndani ya mashua, nikaridhika nayo kupita kiasi. Imran, mtoto wa dada, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu, ana miaka 13. Alikuwa naye anatazama simu. Mama alikuwa amelala.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya Mama.

Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri hadi Afrika kutafuta mifano, na mji walioujenga katika sehemu ya Afrika ulichota sana kutoka Lamu. Mji huo unaitwa Harambe. Anayejua Kiswahili huona mara moja herufi iliyopungua. Harambee ni neno la wapagazi na wavuvi, la watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, na Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa la Kenya. Walipolivusha bahari, "e" moja ilibaki bandarini. Kisha ukutani ukakuta maandishi: Uhuru 1961. Mji huu wa kubuni, basi, una kuta za Lamu, wito wa Kenya na mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Ni kama maiti iliyopewa jina la mtu mmoja, kanzu ya mwingine na kaburi la wa tatu. Lakini ukikaa nalo jambo hili, unaona si uzembe. Aliyeandika 1961 alijua historia. Angeweza kuandika mwaka wowote, au asiandike kabisa. Badala yake aliamua kwamba hata mji wa kuchezea uwe umewahi kutawaliwa na umewahi kujikomboa. Nilikuja kutafuta ujinga nikakuta kazi ya mtu aliyesoma. Hilo linaudhi zaidi.

Kijana aliyetupokea kwenye lango la mji alivaa beji yenye jina lake na chini yake: Botswana. "Jambo!" alituita kwa sauti ya furaha.

"Sijambo, baba," Mama akajibu, akasimama, maana salamu ni kitu cha kusimama. "Habari za kwenu? Mama hajambo?"

Kijana alicheka, akaweka mkono kifuani, akaniambia kwa Kiingereza kwamba lugha yake ni Kitswana na hilo neno moja ndilo alilofundishwa. Nikamtafsiria Mama. Mama akamtazama kwa huruma ile anayompa mtoto wa shule aliyetumwa dukani bila hela. Akamuuliza, kupitia kwangu, kama anakula vizuri. Nyuma yetu foleni ilianza kukohoa.

Mimi ni mtu wa pwani na "jambo" tupu, bila hu- wala si-, hunikera kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Ni Kiswahili cha watalii, tumeukubali kwa sababu unaleta hela. Lakini pale alikuwa kijana wa Botswana anamsalimia mama wa Pangani kwa Kiswahili kibovu mjini Orlando, kwa sababu mwajiri anahitaji Afrika iwe na sauti moja, na yeye anahitaji mshahara. Nani namcheka hapo? Disney waliomba "Hakuna Matata" iwe alama yao ya biashara kwa ajili ya nguo mwaka 1994, wakakubaliwa 2003, na mwaka 2018 mtu mmoja wa Zimbabwe alipoanzisha ombi la kupinga, maelfu kwa maelfu walitia saini. Nilikuwa mmoja wao. Ukweli ni kwamba kwetu usemi huo mtu huusikia zaidi hotelini kuliko sokoni. Sisi tunasema hakuna shida, hamna tabu. Kikundi cha Them Mushrooms cha Mombasa kiliuimba mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena katika wimbo unaomkaribisha mgeni. Waliouza kwanza ni sisi wenyewe. Disney walichofanya ni kuweka muhuri.

Tukaingia ndani ya mji. Kuna duka linaitwa Zuri's, kibanda kinaitwa Tamu Tamu, mkahawa unaitwa Kusafiri. Mama alipoona maandishi ya Dawa Bar alinishika mkono akasema tusimame hapo, kwani vidonge vyake vya presha alivisahau hotelini. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Imran hakucheka. Alikuwa anasoma. Sikuwa nimewahi kumwona akisoma kitu chochote kwa sauti, lakini sasa alikuwa anakwenda kutoka kibao hadi kibao. "Tamu! Hiyo najua. Zuri, najua. Mamdogo, kusafiri ni nini?" Nikamwambia. "Kama safari?" Ndiyo, kama safari. "Kwa hiyo safari ni Kiswahili?" Ana miaka 13, amezaliwa na Waswahili wawili, na alikuwa hajui kwamba safari ni Kiswahili. Nyumbani kwao Kiswahili ni lugha ya kukemewa na ya kupiga simu mbali. Shuleni kwake hakuna aliyewahi kukiona kimeandikwa. Huu ulikuwa mji wa kwanza maishani mwake ambao kuta zake zilisema lugha ya bibi yake, na alitembea humo kidogo kama mwenye nyumba, akiwatafsiria wazazi wa Kimarekani waliokuwa wanauliza choo kiko wapi, ingawa kibao cha choo kilikuwa cha Kiingereza.

Sijui niliweke wapi jambo hilo katika uhakiki wangu. Binyavanga hakuniachia nafasi yake. Dhihaka inajua kumshughulikia mgeni anayetuandika vibaya. Haijui la kufanya na mtoto wetu anayejisoma humo.

Mama alikwenda kwenye ukuta. Kuta za Harambe zimepasuka, zimebanduka rangi, zina mabaki ya matangazo yaliyochanwa, na kila ufa uliwekwa kwa makusudi. Paa za makuti na nyasi ziliezekwa na mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Hata njia ni zege lililotiwa rangi ya udongo na kukandamizwa alama za magurudumu likiwa bichi. Mama alipitisha kiganja juu ya ufa mmoja, akaugongagonga kwa ukucha.

"Saruji hii," alisema. "Wameipaka uzee."

Kisha akauliza swali ambalo lilimaliza utani wa siku hiyo. "Na hawa wanalipwa kupasua kuta?"

Ndiyo, Mama. Wanalipwa vizuri.

Hapa inabidi nieleze habari ya nyumba. Nyumba ya Babu pale Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko, na mlango ambao fremu yake bado ina nakshi upande mmoja. Upande wa bahari ukuta umefunguka kiasi cha kupitisha mkono. Kuna mtu anataka kununua kiwanja. Nyumba haitaki, ataibomoa ajenge gesti. Dada anataka tuuze. Mimi nimekataa, na nimekataa kwa maneno mazuri: urithi, kumbukumbu, historia. Nimewahi hata kuandika juu ya nyumba hiyo. Dada amekuwa akituma hela za bati na za mlinzi kwa miaka sita. Mimi katika miaka hiyo sita sijakwenda Pangani hata mara moja, na kutoka Dar si mbali kiasi hicho.

Kwa hiyo Mama aliposema vile, Dada hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza, maana Harambe ina vibaraza, vya kupumzikia wateja.

"Wewe unaipenda ile nyumba kama hawa wanavyoupenda mji huu," alisema. "Unaipenda na nyufa zake. Ikitengenezwa utakosa cha kuandika."

Sikumjibu. Imran alikuwa anaturejea na barafu ya mananasi. Wingu la saa nane za Florida lilikuwa linapanda, zito kama gunia, na vipaza sauti vilivyofichwa kwenye miti vilikuwa vinapiga muziki wa dansi wa kuchangamka, uliotungwa na watu ambao nisingependa kujiuliza walilipwa kiasi gani. Nasema hivyo kwa sababu kampuni hiyo ina historia na muziki wa Kiafrika. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia ndani ya The Lion King, na mtunzi alikuwa ameshakufa maskini tangu 1962. Mabinti zake walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2004 ndipo makubaliano yakapatikana 2006.

Tulipanda lori la Kilimanjaro Safaris kabla mvua haijashuka. Mlima wenyewe huuoni. Mbuyu mkubwa unaopita karibu nao ni wa kutengenezwa, na vichuguu pia, lakini wanyama ni wazima, na hapo ndipo Eco anaponiacha njiani. Eco aliandika kwamba mamba wa mashine wa Disneyland anamshinda mamba wa kweli, kwa sababu wa kweli hujificha au husinzia, na wa mashine hufungua mdomo kila unapopita; ukitoka hapo, mto halisi unakuchosha. Huku mamba ni wa kweli. Wamelala tu. Dereva aliwaonyesha, hawakufungua mdomo, watu wakapiga picha za magogo. Twiga alisimama katikati ya barabara, msafara ukasubiri, na dereva akasema kwa kipaza sauti kwamba twiga ana haki ya njia. Sijui kama ilikuwa kwenye maandishi yake. Kisha simba, juu ya mwamba, jike mmoja na dume, wametenganishwa nasi na handaki ambalo halionekani kutoka kwenye lori.

"Simba huyo," Mama alisema kwa sauti ndogo. Alinishika goti. "Simba huyo, mwanangu."

Mama ana miaka 68. Amezaliwa Tanzania, ameishi Tanzania, na hakuwahi kumwona simba. Mbuga ya Saadani iko ng'ambo ya Mto Pangani, kusini mwa mji aliozaliwa. Utotoni alisikia habari zake kama za nchi nyingine. Serengeti anaijua kwa kalenda za benki. Kiingilio cha raia si kikubwa, hilo nimelisoma na kulirudia kwa wageni mara nyingi, lakini mtu haingii mbugani kwa kiingilio. Anaingia kwa gari, na kwa kitanda cha kulala, na kwa mtu wa kumwambia kwamba mahali pale ni pake. Hakuna aliyewahi kumwambia Mama. Wala mimi. Amevuka bahari kwa saa 16 akamwona simba wa kwanza nyuma ya handaki la siri, akashukuru. Yule niliyekuja kumhakiki alikuwa amefanya kitu ambacho sikukifanya.

Hata hivyo nisije nikalainika kupita kiasi. Katika miaka ya mwanzo safari ya lori ilikuwa na hadithi: majangili wamemvamia tembo mama aitwaye Big Red, na abiria wanakimbizana nao kumwokoa mtoto wake, Little Red. Hadithi hiyo baadaye iliondolewa. Ninachokiona ndani yake ni kwamba ilikuwa na mwizi lakini haikuwa na mnunuzi. Majangili walitokea tu porini, weusi wa roho, wakachukua pembe, pembe zikaenda popote. Pangani ya Mama ilikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19. Pembe zilifika pale juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao nao waliuzwa. Marekani ilikuwa na ubalozi mdogo Zanzibar tangu 1837, na pembe kutoka Zanzibar zilisafirishwa hadi Connecticut, kwenye kijiji kilichoitwa, bila aibu, Ivoryton, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Familia ngapi za Kimarekani zilifundisha watoto wao muziki juu ya migongo ya watu wetu? Hiyo ndiyo safari ambayo Harambe haiwezi kuipandisha mtu. Abiria angejikuta yumo ndani ya hadithi.

Kuna mengine yasiyokuwapo. Tulizunguka mji mzima na hatukuona msikiti. Mama alitafuta, kwa sababu adhuhuri ilikuwa imeingia. Mji wenye kuta za Lamu, mji wa misikiti kila baada ya vichochoro viwili, na hapana hata mnara wa kufunika tangi la maji. Hapana madrasa, hapana makaburi. Uhuru upo, 1961, lakini Harambe haikuniambia ulichukuliwa kutoka kwa nani. Pangani ina jibu la aina hiyo: Abushiri bin Salim aliyewapiga Wajerumani alinyongwa pale pale mjini Desemba 1889. Mji wa kubuni unaruhusiwa kupasuka kuta, hauruhusiwi kuwa na msiba. Mama aliswali kwenye kona nyuma ya duka la vitambaa, juu ya mtandio wangu, mfanyakazi mmoja akasimama mbele yake bila kuombwa ili watu wasimkanyage. Huyo naye simtaji alikotoka. Beji yake sikuisoma.

Tukabaki na Pangani. Dada alikuwa na ile ramani mkononi. Tulifuata njia hadi mahali palipoandikwa, tukakuta kibao kipya: Gorilla Falls Exploration Trail. Jina lilikuwa limeshabadilishwa zamani. Ramani ya shemeji ilikuwa ya mji mwingine.

Nilidhani Mama atacheka. Alisoma kibao mara mbili, midomo ikitembea. "Wametutoa," alisema.

Sina uhakika kama nimewahi kusoma uhakiki mkali zaidi wa neno moja. Walipotuandika walikosea, kwa sababu Pangani hakuna sokwe. Waliposahihisha kosa walifuta mji, sokwe wakabaki. Na bado, mwezi mzima kabla ya safari, mama yangu alikuwa ameshika picha ya kosa hilo kwenye simu akiwaonyesha majirani: tumo, Marekani wanatujua.

Ndani, nyuma ya kioo, dume lenye mgongo wa fedha lilikuwa limekaa limetupa kisogo. Imran akaanza kucheka peke yake. Kwa kizazi chake Harambe si mji wala si wito, ni sokwe. Alimweleza Bibi yake, kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho sikujua anacho, habari ya sokwe aitwaye Harambe wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, aliyepigwa risasi mwezi Mei 2016 baada ya mtoto wa miaka mitatu kutumbukia kizimbani mwake, na jinsi intaneti nzima ilivyomfanya utani kwa miaka.

"Na mtoto?" Mama aliuliza.

"Mtoto mzima, Bibi."

"Alhamdulillahi." Akamtazama dume nyuma ya kioo. "Na huyo jina la Harambee alipewa na nani?"

Imran hakujua. Alipewa kutokana na wimbo, nilimwambia; wimbo wa Rita Marley. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea hesabu ya harusi iliyozidi bajeti. Neno limetoka kwa wavuvi, likaenda Ikulu, likaenda Jamaika, likaenda Ohio, likapigwa risasi, likawa kichekesho, na mjukuu wake analirudisha kwake bila kujua ni lake.

Mvua ilishuka. Tulisimama chini ya makuti ya Wazulu pamoja na watu wengine mia, tumelowa, na kwa nusu saa mji ule ulinuka mji. Sitaki kuliongezea chumvi. Ulikuwa ni harufu ya nyasi mbichi na viatu.

Agosti nilimpeleka Mama Pangani. Tulikwenda kwa basi hadi Tanga, kisha Pangani, na nilipoiona ile nyumba jambo la kwanza nililofanya, bila kufikiri, ni kutoa simu nipige picha ya ufa. Mwanga wa saa kumi ulikuwa unaingia vizuri. Nikamkumbuka Dada, nikairudisha mfukoni. Mlinzi alikuwa amefuga bata kwenye ukumbi wa chini. Mama aliwafukuza, akakaa kwenye baraza, na ndani ya dakika kumi watu wanne walikuwa wamesimama kumpa shikamoo na kumuuliza za Marekani. Aliwaambia amemwona simba.

Fundi alikuja jioni, mzee wa makamo, mmoja wa wachache wanaojua bado kazi ya chokaa. Aliingiza mkono wake kwenye ufa hadi kiwiko, akautoa, akanusa vumbi. Alitaja bei. Mama alianza kumpunguza kwa ufundi wake, lakini yeye alikuwa ananitazama mimi.

"Mnataka chokaa au saruji?" aliuliza. "Saruji, wiki mbili nimemaliza, na chumvi itaila. Chokaa ni miezi, na lazima awepo mtu. Nani atakaa hapa anisimamie?"

Basi la kurudi Tanga lilikuwa linaondoka asubuhi, na tiketi nilikuwa nimeshakata.